Maji Kwenye Siagi ya Korosho

"Ukiiwasha tena hiyo mashine, mimi na wewe tutafikishana kwa mwenye nyumba!"

"Nenda! Na ukifika umwambie jinsi mapazia yako yanavyonichungulia kila nikipata mgeni!"

"Wageni unao wewe? Ni yule yule mmoja na miwani yake, anapanda ngazi kama amekuja kusoma mita ya umeme!"

Waliokuwa wakianua nguo uani walicheka. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, mwiko mkononi, unga wa korosho umenipanda mpaka kwenye nyusi. Jirani yangu alikuwa chini, mlangoni kwake, ameushika ufagio kama bunduki. Tunamwita Mama Mapazia kwa sababu mbili: anashona mapazia, na yake mwenyewe hayajawahi kutulia.

"Tangu asubuhi dari langu linatetemeka," aliendelea. "Vumbi linaniangukia kwenye cherehani. Na mimi nina mtu wangu, mchana huja kupumzika. Atapumzika vipi na hilo trekta lako?"

Ulimi wangu nao! "Mtu wako? Mtu gani? Mjane mzima una mtu wa kupumzika mchana?"

Hapo nikajua nimekanyaga pasipokanyagwa. Mama Mapazia aliingia ndani, na pazia likavutwa shwaa. Siku nyingine maneno yale ningeyabeba kama yai mpaka saluni. Mimi ni msusi. Kichwa cha mtu kikishakaa mikononi mwangu, kinanimwagia yote: nani kaachwa, nani karudiwa, nani anajifanya hajarudiwa. Lakini siku ile hata umbea haukuwa na ladha. Nilikuwa napika chakula ambacho kingeamua kama nitaolewa au nitazeekea hapo hapo kwenye machanuo yangu.

Maana Baba ana bucha, na mwanaume ninayempenda hali nyama.

Hali nyama, hali samaki, hali yai, hanywi maziwa, na asali ukimwekea anaisogeza pembeni kwa adabu. Baba alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mimi sicheki.

"Mwanangu," alisema, "nimekulea mwenyewe tangu mama yako alipofariki. Kila ulichovaa kimetoka kwenye kisu hiki. Leo unaniletea mtu anayeona kazi yangu ni dhambi?"

"Hajasema hivyo, Baba."

"Hajasema. Sahani yake inasema." Akajipangusa mikono, hasira ile ya polepole ambayo ni mbaya kuliko ya kelele. "Aje Jumapili mchana. Mpike hayo majani yenu. Nikiinuka mezani na njaa yangu, jambo limekwisha, na habari zake nisizisikie tena humu ndani."

Baba akishasema, amesema. Na lililonikosesha usingizi zaidi ni kwamba tangu siku hiyo, na hata kabla yake, Baba alikuwa hali. Nikimpakulia jioni anasema ameshiba, amekula buchani. Chai anaiacha ipoe kabisa ndipo aipige funda. Suruali zilianza kumlegea. Nikajiambia, ni wewe, mwanamke, wewe na mapenzi yako, unamla baba yako akiwa hai.

*

Kitabu cha mapishi ya siku ile alikuwa amenipa yeye mwenyewe, mpenzi wangu, Fundi Miwani. Kitabu kizima ni cha siagi: siagi ya karanga, ya korosho, ya lozi, na namna ya kuzitia kwenye supu, mboga, wali na biskuti, bila hata tone la kitu cha mnyama. Alinikabidhi dukani kwake, kati ya fremu na vioo, akiona haya kama mtu anayetoa pete.

"Kwenye siagi uwe na subira, Macho," aliniambia. Ndivyo anavyoniita, Macho. "Utasaga itoke unga. Utasaga ishikane donge. Hapo utadhani imeharibika, na hapo ndipo watu wengi hushindwa. Wewe endelea kusaga, usiongeze kitu. Mafuta yake yamo ndani yake mwenyewe."

Niseme tu tulivyokutana, maana ndiyo yaliyonifunga. Mteja alikuwa amekalia miwani yangu pale saluni. Nikaenda kwake naona ukungu. Akaniweka kwenye kiti, akanielekeza ubaoni: "Soma mstari wa chini." Mimi na maringo yangu, nikaona aibu kusema sioni, nikazibuni zile herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kujiamini. Hakucheka. Hakunisahihisha. Alibadilisha kioo kimya kimya, akasema, "Hebu tena." Nikaona. Niliona herufi, nikaona na kovu dogo kwenye kidevu chake, na macho yake yananitazama kwa upole ambao sijautolea jasho. Nilitoka pale nikiona vizuri kuliko maisha yangu yote, na bado nikajigonga mlangoni.

Basi siku ile jikoni, korosho zilikuwa zimefika kwenye lile donge. Mashine inanguruma, inanuka moto. Supu ya malenge iko tayari, nimeshaikoroga na siagi ya karanga. Biringani zimeiva kwenye oveni, zinangoja mchuzi mweupe wa korosho, na mchuzi ndio uliokuwa roho ya chakula chote. Bila huo, Baba angeona bakuli la supu na mboga zilizolala, basi. Donge linazunguka, linagonga kuta za jagi la mashine, gubu, gubu, halilainiki. Saa ya ukutani inanitazama. Nikamsikia Mama Mapazia akiligonga dari lake kwa mpini wa ufagio.

Nikatia maji.

Vijiko viwili tu, jamani, ili lilegee. Halikulegea. Lilikaza pale pale, likawa la kijivu, likashikana na visu kama udongo wa mfinyanzi, na mashine ikatoa mlio mmoja wa huzuni ikanyamaza. Nikaketi juu ya ndoo. Sikulia kwa sauti. Nililia kama bomba bovu.

Mlango ukagongwa mara moja na kufunguliwa hapo hapo. Mama Mapazia, ufagio mkononi.

"Nimekuja tumalizane," alianza. Kisha akaniona. Akaona na jagi. Ufagio ukashuka. "Umetia maji."

"Umejuaje?"

"Kidogo au mengi?"

"Kidogo tu, mama, nakuapia, vijiko viwili!"

"Basi ndiyo kosa lenyewe." Aliuegemeza ufagio ukutani, akachukua aproni yangu bila kuomba. "Maji kidogo ndiyo yanayoikaba. Ukishayavulia nguo maji, yaoge. Chemsha mengine. Na ujifute kamasi, hatupikii mchuzi wa chumvi hapa."

Alilitia donge kwenye bakuli, akawa ananiamuru nimimine maji ya moto kidogo kidogo huku yeye anapiga kwa uma. Mwanzo likazidi kuwa baya. Likakatika vipande, likawa kama maziwa yaliyochacha. Mimi nimeshashika kichwa. Yeye hanitazami, anapiga tu, bangili zinalia. Halafu ghafla, sijui niseme ghafla au polepole, likajilaza. Likawa jeupe, laini, linang'aa, linateleza kwenye uma kama hariri. Akakamua limau, akatia chumvi, akatwanga kitunguu saumu kimoja na kukichanganya.

"Mama," nilisema, nikiona aibu kwa yale ya ngazini, "umejifunza wapi haya? Na wewe una kitabu?"

"Kitabu cha nini? Nina mtu wangu hawezi vitu vigumu. Kila siku lazima nimlainishie." Aliyasema huku akiosha uma ambao tayari ulikuwa safi.

Nikadhani ana mama mzee anayemtunza. Nikazidi kujiona mjinga. "Nisamehe kwa maneno yangu. Kaa basi, ule nasi."

"Mimi? Mezani kwa baba yako?" Alijishika kitambaa cha kichwani, akakinyoosha, akakiharibu, akakinyoosha tena. "Si leo, mwanangu."

Mara viatu vya Baba vikasikika kwenye ngazi za mbele. Mama Mapazia akaruka kama aliyeguswa na umeme, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka ngazi za uani, akaniachia ufagio wake.

*

Tulikaa watatu. Fundi Miwani alikuwa amevaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na ameleta kichupa cha siagi ya lozi alichokisaga kwa mkono wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Majani. Karibu kwenye malisho."

Nikamwangalia mwenzangu. Alitabasamu kidogo. Chini ya meza nililigusa goti lake kwa goti langu.

Nilipakua. Baba hakugusa kijiko. Aliinama, akatoa chini ya kiti chake sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, akaifunua katikati ya meza. Mbavu za kuchoma, bado zinatoa moshi. Alikuwa amezipitisha mlangoni na mimi sikuona.

"Baba, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mpike. Hatukukubaliana mimi nije mikono mitupu." Akamgeukia mgeni. "Kijana, mimi si mtu wa kuzunguka. Chukua mbavu moja. Ng'ata mara moja tu, umeze. Ukimeza, huyu hapa ni mkeo, na gharama za harusi ni juu yangu."

Mara moja tu. Meno yafunge, yafunguke, imekwisha, tumepona. Nilimwangalia Fundi Miwani, na naomba mnisamehe, macho yangu yalimwambia, ng'ata. Ng'ata, mpenzi, nitakununulia mswaki mpya.

Aliyaona macho yangu. Alitazama mbavu. Alitazama mikono ya Baba, ile yenye makovu ya visu.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "kazi yako naiheshimu. Imemlea mtu ninayempenda kuliko roho yangu. Lakini nikikudanganya mezani kwako siku ya kwanza, siku ya pili utaniamini kwa lipi?"

"Kwa hiyo hutaki."

"Moyo wangu haukubali. Na moyo huo huo ndio niliokuja nao kukuomba binti yako. Sina mwingine."

Nikajua basi. Nikaanza hata kuwaza nitamwambiaje, na nitapita njia gani kwenda saluni ili nisipite mbele ya duka lake.

"Sawa," Baba alisema. "Basi tazama mwanaume anavyokula. Mtu hujulikana kwa meno yake."

Akachukua mbavu nene kuliko zote. Akaifikisha mdomoni.

Ikabaki pale. Midomo ya Baba ikaigusa, shavu likajikunja, jicho moja likafumba lenyewe. Akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta pa kuanzia. Akaigeuza tena. Chozi moja, moja tu, likatoka kwenye lile jicho lililofumbwa. Mimi nilidhani ni hasira. Naapa nilidhani ni hasira.

Fundi Miwani alikuwa anamtazama, na uso wake ukabadilika. Nikaukumbuka uso ule. Ndio aliokuwa nao siku nilipokuwa nabuni herufi za mstari wa chini.

Akanyoosha mkono kuchukua chumvi. Kiwiko kikalipiga jagi. Jagi la maji, lita nzima, likapinduka juu ya mbavu zote, likamwagika mapajani mwa Baba, likatiririka mpaka sakafuni.

"Jamani!" nilipiga ukelele.

"Mzee, nisamehe, nisamehe sana. Mikono yangu hii mizito! Nimeharibu nyama yako yote." Ameshainuka, anafuta meza kwa leso yake, anachukua ile mbavu mkononi mwa Baba na kuirudisha kwenye sahani iliyoogelea. "Ni aibu yangu, mzee. Ni mimi."

Nilijifunika uso. Sasa ndiyo tumezikwa, na kaburi limefukiwa.

Lakini Baba hakufoka. Nilipochungulia kati ya vidole, alikuwa amekaa vile vile, suruali inachuruzika, anamtazama yule kijana kama anavyomtazama ng'ombe mnadani: kwato, mgongo, macho.

"Wewe," alisema polepole, "kutwa nzima unafunga skrubu ndogo kuliko chawa. Leo umeshindwa kulikwepa jagi?"

"Nilitetemeka, mzee."

"Umeona."

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mtoto. Umeona."

"Nimeona jagi limeanguka," alijibu Fundi Miwani. "Sijaona kingine, na hakuna nitakayemwambia kingine."

Baba alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, na kilipofika mdomoni akalishika shavu. "Aa! Mama yangu, aa!" Akanigeukia. "Meno, mwanangu. Upande huu wote umekufa, na huu mwingine unafuata. Sijatafuna nyama tangu mvua zilizopita."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Na saluni yako?" Akajipangusa maji mapajani. "Mwenye bucha hatafuni nyama! Wateja wangeuliza, nyama yake ina nini? Nikawa nasimama pale nakata, nasifia laini, laini, na mimi mwenyewe siwezi hata gegedu."

"Na buchani unakula nini basi? Unaniambia kila siku umekula."

Baba alivuta sahani ya biringani iliyokuwa mbele yake, ikiwa imefunikwa na ule mchuzi mweupe, akachota kijiko kama anayetafuta pa kujificha. Akakitia mdomoni.

Akaacha kutafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akachota kingine. Akafumba macho.

"Hii kapika nani?"

"Mimi, Baba. Kutoka kwenye kitabu."

"Mwongo. Kitabu hakina mkono." Alikielekeza kijiko kwenye kona, ulipoegemea ufagio. "Mkono huu naujua. Alipanda huku?"

Nikautazama ufagio. Nikatazama sakafu, na chini ya sakafu, mahali palipo na cherehani, na mapazia, na mtu wa kupumzika mchana, mtu asiyeweza vitu vigumu. Umbea wote wa mji huu unapita kwenye vidole vyangu, na huu ulikuwa unalala chumba cha pili.

Kabla sijapata sauti, Baba aliinuka.

Aliinuka, na sahani yake bado imejaa. Nikayakumbuka maneno yake: Nikiinuka mezani na njaa yangu, jambo limekwisha. Fundi Miwani naye aliinuka, leso yenye maji mkononi, na akaniangalia mara moja, kwa kirefu, kama mtu anayejaza kibuyu cha maji kabla ya safari ndefu.

"Baba," nilisema, "Baba, tafadhali. Hujala."

Hakugeuka. Alivuka chumba na suruali yake mbichi, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa, akasimama juu ya ngazi, mbele ya macho ya majirani wote.

"We mwenzangu!" aliita. Sijawahi kuisikia sauti ile ikitoka kwa Baba. "Mwenzangu, upo?"

Chini, pazia lilivutwa upesi mno kwa mtu aliyekuwa hasikilizi.

"Unaita kwa sauti hiyo? Watu watasikia!"

"Wasikie. Nimechoka kunyata uani kama mwizi wa kuku. Panda juu."

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana kabisa na ile ya ugomvi wetu: "Kwa mlango wa mbele?"

Baba akatugeukia. Macho yake yalikuwa na maji, na safari hii hayakuwa ya meno. Akamtazama Fundi Miwani pale alipokuwa amesimama na leso yake.

"Mwanangu, utaganda hapo na kitambaa? Ongeza kiti."

Kisha akaishika nguzo ya ngazi na kuinama kuelekea chini.

"Kwa mlango wa mbele, mwenzangu. Karibu ndani. Tunakungoja wewe tuanze kula."